Semina ya kisasi dhidi ya watumishi wa umma: asubuhi tulikuwa Texas, alasiri tukarudi Morogoro

Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Nane Nane nililipa shilingi 60,000 ili kuhudhuria semina ya siku moja mjini Morogoro kuhusu adhabu za jinai kwa mtu anayelipiza kisasi dhidi ya mtumishi wa umma. Walioiandaa ni ofisi binafsi ya mafunzo na ushauri wa kisheria, ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro nilizoziona zinarekebishika na kwa kuwa semina za namna hii huuzwa na ofisi nyingi, kwa halmashauri na kwa mtu mmoja mmoja. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na nilijilipia mwenyewe. Wengi wa wenzangu ukumbini walikuwa watendaji wa vijiji na wa kata, wakiwamo pia maofisa ugani, walimu wakuu kadhaa, muuguzi mmoja na vijana wawili wanaokusanya ushuru wa mazao kwenye vizuizi, ambao walikuja na mashine zao za POS, zile za kupokelea malipo na kutoa risiti, kana kwamba wangeitwa kazini wakati wowote.

Ukumbi ulikuwa safi, viti vilitosha, na chai ya saa nne ililetwa saa nne kweli, pamoja na sambusa za nyama zilizokuwa bado za moto. Wali wa mchana ulikuwa na kuku wa kutosha. Sitasema zaidi kuhusu chakula, kwa sababu hakuna aliyetoka Mvomero au Kilosa alfajiri kwa ajili ya sambusa.

Tulikuja kwa sababu ya swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa nalo kwa namna yake. Mtendaji wa kijiji anapomwandikia mtu hati ya kuitwa kwenye baraza, anapopima mpaka wa shamba ulioingiliwa na mifugo, au anapomzuia mfanyabiashara kupitisha magunia bila kulipia ushuru, kazi huisha siku ile ile, lakini chuki hubaki. Wiki mbili baadaye anapigwa njiani akitoka sokoni, au usiku anasikia mawe yakitua juu ya bati. Je, sheria inalitazama tukio hilo kama ugomvi wa kawaida wa watu wawili, au inatambua kwamba aliyepigwa kapigwa kwa sababu ya kazi ya umma? Na kama inatambua, adhabu ni ipi?

Kipindi cha asubuhi kilishindwa kulijibu swali hilo, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Mwezeshaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na projekta isiyokatika, na kabrasha tulilogawiwa lilikuwa limepigwa chapa vizuri, likiwa na jalada la rangi na nafasi ya kuandikia pembeni. Ukurasa wa tatu ulieleza kwamba kulipiza kisasi dhidi ya mtumishi wa umma ni “kosa la jinai la daraja la tatu” ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 2 hadi 10, na kwamba adhabu hupanda hadi miaka 20 iwapo aliyedhuriwa ni mjumbe wa juri. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba sheria inamlinda pia “ofisa wa amani aliyestaafu kwa heshima”, na ukataja faini isiyozidi 10,000, bila kusema ni elfu kumi za nini.

Msomaji aliyezoea sheria zetu angeshtuka mapema. Sheria za jinai za Tanzania Bara hazipangi makosa kwa madaraja ya kwanza, ya pili na ya tatu. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, hatuna; tulichokuwa nacho mahakamani ni washauri wa mahakama, ambao ni kitu kingine kabisa. Na hakuna sheria yetu inayomtaja mtu anayeitwa ofisa wa amani aliyestaafu kwa heshima. Maneno hayo yote ni ya kifungu cha 36.06 cha Kanuni ya Adhabu ya jimbo la Texas, Marekani, na ile elfu kumi ni dola. Mtu fulani alikitafsiri kifungu hicho, akaondoa jina la jimbo na alama ya dola, akatuuzia kama sheria ya nyumbani.

Sina ugomvi na Texas. Kifungu hicho ni mfano mzuri wa nchi iliyoamua kulipa kosa hili jina lake na kuliweka mahali pamoja: kinamlinda mtumishi wa umma, shahidi, mtoa taarifa na mtu aliyeripoti uhalifu, kinagusa kitendo na vitisho pia, na kinakataza hata kuchapisha mtandaoni anwani ya nyumbani au namba ya simu ya mtumishi au ya familia yake kwa nia ya kumletea madhara. Wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2013, katika kaunti ya Kaufman, aliyekuwa mwamuzi wa mahakama ndogo, Eric Williams, ambaye alikuwa ametiwa hatiani kwa wizi wa skrini za kompyuta za kaunti, alimuua mwendesha mashtaka Mark Hasse mwezi Januari, kisha mwezi Machi akamuua mkuu wa waendesha mashtaka, Mike McLelland, pamoja na mkewe Cynthia. Alihukumiwa kifo Desemba 2014. Kama mwezeshaji angetuambia kwamba tunaazima mfano wa mbali ili tuupime na wa kwetu, ningempigia makofi. Hakusema hivyo, na mtendaji mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa tayari ameandika kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu, “miaka 10”. Jumatatu ile angekwenda kituo cha polisi na kudai mshitakiwa wake afunguliwe shitaka la daraja la tatu, na askari wa zamu angemtazama tu.

Nilinyoosha mkono. Mwezeshaji alinijibu kwa adabu kwamba suala hilo “litafafanuliwa alasiri”. Kwa bahati njema, lilifafanuliwa kweli, ingawa si na yeye.

Mwezeshaji wa pili alikuwa hakimu mstaafu, mzee mfupi aliyeingia na begi la ngozi lililochakaa na nakala ya Kanuni ya Adhabu iliyojaa vipande vya karatasi. Hakutumia projekta. Alipoamkiwa shikamoo na ukumbi mzima aliitika marahaba, akaketi, akasema kwamba amesikia kuna jambo la dola, na kwamba tulitoe kwanza vichwani ndipo tuanze. Baadhi walicheka. Yule mwenye kalamu nyekundu alikata mstari.

Alianza kwa kutuambia tusitafute neno “kisasi” katika sheria yetu, kwa sababu hatutalipata likisimama kama jina la kosa linalomhusu mtumishi wa umma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 1930, na waandishi wake walilificha jambo hili mwishoni mwa kifungu cha 243, ambacho kimekusanya aina mbalimbali za mashambulio zinazobeba adhabu ya kifungo cha miaka mitano. Ndani yake yumo mtu anayeshambulia kwa nia ya kutenda kosa jingine au kuzuia kukamatwa, yumo anayemshambulia au kumzuia polisi akiwa kazini, yumo anayezuia utekelezaji wa amri ya mahakama. Aya ya mwisho, ya (e), ndiyo yetu: mtu anayemshambulia mtu yeyote kwa sababu ya jambo alilolitenda katika kutekeleza wajibu aliowekewa na sheria. Hakimu aliisoma mara mbili, polepole, kisha akaifasiri kwa maneno yake mwenyewe, na kwa muda wa saa nzima hakuondoka kwenye sentensi hiyo moja. Hiyo ndiyo saa iliyonirudishia fedha zangu.

Kwanza alitutaka tuone kwamba aya hiyo haisemi “mtumishi wa umma”; inasema “mtu yeyote”. Kwa hiyo haina haja ya barua ya ajira wala namba ya mshahara. Inachouliza ni kama kulikuwa na wajibu uliowekwa na sheria. Hapa muuguzi aliuliza kama naye yumo, na akaambiwa kwamba jibu halitoki kwenye sare yake bali kwenye kile alichokuwa akikifanya. Na palepale alitupa upande wa pili wa jambo, ambao haukupokewa kwa furaha: mtendaji aliyekamata mbuzi wa mtu bila mamlaka yoyote, akapigwa kwa ajili hiyo, atapata shida kuiegemea aya ya (e), kwa sababu hakuwa akitekeleza wajibu uliowekwa na sheria bali alikuwa akitenda kwa matakwa yake. Aliyempiga bado ana kosa la shambulio, lakini kinga ya ziada imeondoka pamoja na mbuzi.

Kisha akaja kwenye maneno “kwa sababu ya”. Alitoa mfano wa mtendaji aliyepigwa kilabuni. Aliyempiga alikuwa amewahi kutozwa faini na mtendaji huyo mwezi uliopita, lakini usiku ule waligombania deni la pombe. Kosa ni lipi? Ukumbi uligawanyika. Hakimu alisema kwamba cheo cha aliyepigwa hakigeuzi kila kofi kuwa kosa la kifungu cha 243. Upande wa mashitaka lazima uonyeshe kamba inayofunga kipigo na kazi. Akauliza, “Je, kuna aliyemsikia akisema maneno gani alipokuwa anapiga?” Akarudia swali hilo mara tatu, akitutaka kila mmoja alielewe kama swali la kwanza la kuuliza tukio linapotokea, kwa sababu maneno ya mshambuliaji wakati wa tukio, ujumbe alioutuma simuni siku chache kabla, na kumbukumbu ya ofisi inayoonyesha tarehe ya ile faini ndivyo vinavyofanya kisasi kionekane mahakamani. Ndiyo maana alisisitiza kwamba mtendaji atunze daftari lake la matukio, achukue polisi fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, kabla ya kwenda hospitali, na anapofungua jalada polisi ahakikishe maelezo yake yanataja kazi aliyoifanya na tarehe yake, badala ya kuandikisha tu kwamba “nilipigwa na fulani”.

Jambo la tatu lilikuwa geni hata kwangu kwa namna alivyoliunganisha. Shambulio la kawaida, chini ya kifungu cha 240, lina adhabu ya juu ya mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, lina miaka mitano, sawa na lile la kisasi. Lakini miaka iliyoandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu si ile ambayo kila mahakama inaweza kuitoa: Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12, ilhali mahakama ya wilaya inaweza kwenda hadi miaka mitano. Mtendaji aliyepigwa kwa ajili ya kazi yake akikimbilia Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani na kufungua kesi ya shambulio la kawaida, kwa kuwa ndiyo njia fupi, amekwisha kulipunguza kosa kwa mkono wake kabla hakimu hajasikia neno lolote. Hili, kwa maoni yangu, lilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa kabrasha. Halikuwamo kabisa.

Kijana mmoja wa ushuru aliuliza kuhusu vitisho, kwa kuwa yeye hajapigwa bado. Ameambiwa tu kwamba nyumba ya mama yake inajulikana ilipo. Hakimu alimwita “mwanangu” na kumwelekeza kwenye kifungu kingine cha Kanuni hiyo hiyo, kinachokataza kumtishia madhara mtu aliyeajiriwa katika utumishi wa umma, au kutishia kumdhuru mtu ambaye mtishaji anaamini kwamba mtumishi huyo anamjali, ili kumfanya atende, asitende au acheleweshe jambo la kazi yake. Kwa hiyo mama yumo. Alimkumbusha pia kwamba vitisho vilivyotumwa kwa simu vinaweza kuangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba asifute ujumbe hata kama unamchefua kuusoma. Kuhusu nyumba kuchomwa alisema kwa kifupi kwamba hapo hatuhitaji tena neno kisasi, kwani kuchoma nyumba kwa makusudi kuna adhabu inayofika kifungo cha maisha, awe mwenye nyumba mtumishi au mkulima.

Palikuwa pia na dakika ya kuburudika. Alipotusomea tafsiri ya “mtu aliyeajiriwa katika utumishi wa umma” katika Kanuni ya Adhabu, tuligundua kwamba inamgusa hata kiongozi wa dini, kwa kadiri anavyofanya kazi ya kutangaza na kufungisha ndoa au kuandika kumbukumbu za kuzaliwa na za vifo. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikaa vizuri zaidi kwenye kiti chake.

Sehemu iliyonipa wasiwasi ilikuja mwishoni, wakati wa maswali. Mtendaji wa kata mmoja alieleza kwamba kuna mwananchi anayeandika barua za kumlalamikia kwa mkurugenzi wa halmashauri, na sasa amepeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Akauliza kama hicho si kisasi, na kama hawezi kumweka mtu huyo ndani saa 48. Ningependa kusema kwamba swali hilo lilikuwa la mtu mmoja tu, lakini vichwa vilivyotikisika vilikuwa vingi, na nadhani kabrasha la asubuhi, kwa kurudia kila ukurasa kwamba mtumishi “alindwe dhidi ya kila aina ya kisasi”, lilikuwa limewapa watu mawazo hayo. Cha kushangaza ni kwamba hata kile kifungu cha Texas walichokinakili kinataka tendo au tishio liwe la kuvunja sheria. Kumshitaki mtumishi mahakamani au kumlalamikia kwa mkubwa wake si kisasi hata huko. Sharti hilo la kuvunja sheria lilianguka njiani wakati wa kutafsiri.

Hakimu alijibu kwa ukali wa upole. Alisema mamlaka ya kumweka mtu kizuizini kwa saa zisizozidi 48 amepewa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, na kwamba hata hao wanatakiwa wawe na sababu na waziandike. Kisha akamwambia, “Mheshimiwa mtendaji, huyo anayeandika barua za kukulalamikia hajakushambulia. Anatumia mlango uliowekwa na Katiba. Ukimfunga kwa ajili hiyo, anayelipiza kisasi ni wewe.” Alitaja pia kwamba ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa ajili ya mwananchi au mtumishi anayefichua uovu, na kwamba angependa semina nyingine ifanywe kuhusu hiyo. Muda ulikuwa umekwisha, na hapo ndipo ninapoona ratiba ilipangwa vibaya: saa tatu za asubuhi zilitumika kwa sheria isiyotuhusu, na sheria hii inayomhusu kila mtu aliyekuwamo ukumbini ikapata dakika nne.

Kwa atakayetaka kulipia semina ya namna hii, kwa ofisi hii au nyingine, ningemshauri aombe kabrasha kabla ya kulipa na kuangalia mambo mawili. Kila adhabu iliyotajwa iwe na jina la sheria, sura na namba ya kifungu, na iandikwe ni toleo lipi linalonukuliwa. Hili la pili limekuwa muhimu zaidi tangu Toleo la Urekebu wa Sheria la mwaka 2023 lilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025; namba nilizozitaja hapa ni zile tulizozizoea kabla ya toleo hilo, na mtu anayeandika hati ya mashitaka leo hana budi kufungua toleo jipya mwenyewe. Lugha ya sheria na ya mahakama zetu ni Kiswahili tangu mabadiliko ya mwaka 2021, na kwa hiyo mwandaaji hana kisingizio cha kutafsiri ya ng’ambo.

Je, shilingi 60,000 zilistahili? Kwa alasiri peke yake, ndiyo, na ningelipa tena kumsikiliza mzee yule hata akikaa chini ya mwembe bila chai. Kwa asubuhi, hapana. Cheti nilichopewa kinasema nimehitimu mafunzo ya “ulinzi wa watumishi wa umma kisheria”, na sijakitundika.

Siku tisa baada ya semina waandaaji walitutumia kwa WhatsApp kabrasha “lililoboreshwa”. Nimelisoma lote. Kifungu cha 243 kimeongezwa ukurasa wa pili, kikiwa na aya yake ya (e) na maelezo mazuri ya hakimu, na ile faini ya 10,000 imeondolewa. Mjumbe wa juri bado yupo.